Nivueni Koti

Haya sikuhadithiwa na mtu. Dada ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, na katika nyumba ile nililala chumba kinachopakana na chake. Asije mtu akaniambia niliota.

Ilikuwa siku ya kufua, siku ya kawaida kabisa. Mimi na Dada tulikuwa uani tunaanua nguo tulizozianika tangu asubuhi, na kila tuliyoishika ilikuwa mbichi. Dada aliikamua fulana ya mumewe, maji yakatiririka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hii niliianika au niliiloweka?" aliniuliza.

Kama umewahi kuishi mahali penye joto la maji utanielewa. Jua lenyewe hata halikuwa kali. Mawingu yalikuwa yametufunika kama kifuniko cha sufuria, na sisi tuko ndani tunatokota. Chumvi iliganda kwenye kopo. Kibiriti kiligoma kuwaka. Mlango wa bafuni ulivimba ukawa haufungi, na viatu vya kabatini viliota ukungu. Watu waligombana kwenye foleni ya maji kwa neno moja, wakishatenganishwa hata hawalikumbuki neno lenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikwenda kukaa na Dada kwa sababu huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza wa joto tangu aolewe, na alinipigia simu akasema nyumba ni kubwa, anajisikia mpweke. Ndoa ilikuwa imefungwa kipindi cha baridi, tena harakaharaka. Sisi tulitaka kungoja mwaka ugeuke tujipange. Mama mkwe wake akakataa katakata. Alisema kabla ya joto. Tukaona ni haraka za mama mwenye mwana mmoja, tukacheka, tukashona nguo za harusi usiku na mchana.

Na huyo mwana, tusiseme uongo, alikuwa wa kugombaniwa. Shemeji alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mtu wa sauti ya chini, hajui kufoka. Nyumbani kwetu tulimwita Mpole, na jina likamkaa. Kila Dada aliporudi kutoka kazini, joto bado limetanda, aliacha kazi yake mezani, akachovya taulo kwenye maji, akaja kumfuta Dada uso, shingo na mikono, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto mchanga. Mimi niliyekwisha kuachwa mara moja, nilitazama nikaona wivu wa halali.

"Nikipata wa hivi," nilimwambia Dada, "namfungia kabatini asiibiwe."

"Tafuta wako," alinijibu. "Huyu keshapata pa kufia."

Jambo moja tu lilinishangaza. Shemeji hakuwa anatoka jasho. Sisi tulikuwa tunashinda na kanga mbichi mabegani. Yeye alivaa shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kooni. Alichora kwa wino kwenye karatasi kubwa, na katika unyevu ule ambapo hata kalenda ukutani ilijikunja, karatasi zake hazikuwa na doa hata la kidole. Siku moja alinipokeza kikombe, vidole vyetu vikagusana. Vilikuwa vya baridi. Si baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Baridi ya ukuta wa chumba ambacho hakilali mtu.

Dada alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya meno ya bandia. Kabla ya seti kukamilika, ufizi hufinyangwa kwanza kwa nta na meno hupachikwa humo, na hakuna aliyemshinda Dada kwa nta. Mwenyewe alikuwa akisema nusu ya mji inacheka kwa mkono wake. Basi siku moja alirudi nyumbani hata saa za kazi hazijaisha, amekunja ngumi, ameibana kifuani.

"Bosi amenirudisha," alisema. "Nta inaniyeyukia."

"Si joto hili?"

"Ya wenzangu haiyeyuki. Tumekaa meza moja, dirisha moja. Ninayoishika mimi tu."

Akafungua kiganja. Nta ilikuwa imeyeyuka ikajaza mistari yote ya mkono wake, na katikati, yamezama kama mbegu kwenye tope, yalikuwa meno ya bandia.

Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shuka limeloa, macho mekundu. Alianza kuongea upesi upesi, jambo hili halijaisha ameingia lile. Alicheka peke yake jikoni. Alilia kwa sababu sahani imeanguka, na haikuvunjika. Shemeji akawa anamfariji kwa upole uleule, na taulo lake.

Siku moja tulikuwa tumekaa sebuleni, feni inazungusha hewa ya moto, Dada akanigeukia akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba umpitishie maji:

"Mdogo wangu, hebu nisaidie kuvua hili koti."

Nilimtazama. Alikuwa amevaa gauni jepesi la pamba, lisilo na mikono. Nililishona mwenyewe.

"Koti gani, Dada?"

"Hili." Akajishika kifuani, akavuta. "Zito mno. Limeloa."

Nikacheka. Naye akacheka. Lakini vidole vyake havikucheka. Viliendelea kutafuta kitu kifuani pake, kimoja baada ya kingine, kuanzia kooni kushuka chini.

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye humo, alikuwa amekaa pembeni na kipepeo chake cha mkono. Alikuwa mwanamke mkimya, ameshika dini yake, na tangu nifike sijapata kumwona akimtazama Dada usoni. Dada alipoinuka kwenda kunawa, mama yule alinisogelea.

"Mwanangu," alininong'oneza, "dada yako anampenda mumewe?"

"Mama, mpaka tunamcheka. Anampenda sana."

Aliacha kujipepea.

"Ee," alisema. "Ndiyo maana."

Niliomba anieleze, akageuza uso. Akasema ni umri tu, asisikilizwe.

Kesho yake Dada alikuwa akilia jikoni, nikamwendea, nikamwekea mkono begani. Sikilizeni. Mkono wa fundi hauongopi kuhusu kitambaa. Nifunge macho, nipe kitambaa chochote, nitakitaja. Kiganja changu kilishika sufu. Sufu nzito, ya zamani, imelowa mpaka ndani, ya moto kama iliyotolewa kwenye maji yanayochemka. Niliibonyeza, nikahisi maji yakitoka katikati ya vidole.

Nikatazama. Chini ya mkono wangu ilikuwa ngozi tupu ya dada yangu.

Ningemwambia nani? Nilijiambia na mimi joto limeanza kunipanda kichwani. Nilikunywa maji, nikajilaza. Na kwa sababu nilijilaza mchana, wakati wote wanajua mimi huwa uani na kazi zangu, niliona nisichotakiwa kuona.

Nilipoinuka kutoka, mlango wa chumba cha Dada ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Shemeji alikuwa amepiga magoti mbele yake. Dada amekaa kitandani, mikono imelegea, macho yametazama mbali. Nilidhani anamfuta jasho. Taulo lilikuwa sakafuni.

Alikuwa anafunga vifungo.

Najua mkono unaofunga vifungo. Kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinavuta, kisha mkono unapanda juu kidogo, unaanza tena. Alianza tumboni. Akapanda. Akafika kifuani. Gauni lile halikuwa na kifungo hata kimoja. Vidole vyake vilishika hewa, vikafunga hewa, na kila kimoja kilipofungwa, Dada aliguna kama mtu anayefungwa mkanda wa mzigo.

"Vumilia, mke wangu," alikuwa akinong'ona. "Msimu utapita. Vumilia."

Akafika kooni. Akafunga cha mwisho. Akaweka kola sawa, akambusu kwenye paji la uso.

Nilirudi nyuma, kisigino kikagonga mlango. Alipotoka alinikuta nimesimama.

"Amelala sasa," aliniambia, anatabasamu. "Tumwache apumzike, shemeji."

Dada hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama juu ya bega la mumewe.

Alikimbia siku iliyofuata, jua la utosi. Nilisikia geti likibamizwa. Nilipotoka alikuwa tayari katikati ya barabara, ameshalichana gauni mpaka kiunoni, anajikwaruza kifua kwa kucha. Damu ilikuwa inachuruzika. "Nivueni!" alipiga kelele. "Nivueni koti! Jamani, hamna hata mmoja wa kunivua?" Watu walisimama. Wengine walicheka, wengine walichukua simu zao kumpiga picha. Mwenye duka la vipuri ndiye pekee aliyekuja na shuka. Tulimfunika, tukamwingiza kwenye gari lake. Mwili wake ulikuwa unawaka, na hakujua tena jina langu.

Shemeji alipanda mbele. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa analia kweli, machozi yanatoka. Jasho, hata tone.

Wodi ya dharura ya wagonjwa wa akili ilikuwa imejaa pomoni. Kuna waliolala kwenye magodoro chini. Kijana mmoja alikuwa akijimwagia maji ya chupa kichwani huku akisali. Mama mmoja alikuwa anaomba radhi kwa ukuta. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala, alituelekeza tumlaze chini ya feni, wakamwekea vitambaa vya baridi na dripu.

"Msimu huu ndivyo ulivyo," alinieleza, na aliongea nami kama mtu, si kama mzigo. "Hewa ikijaa maji, jasho halikauki, mwili haupoi. Mtu halali. Maji yanamwishia. Mwenye ugonjwa wake unaamka, na asiye nao naye anaweza kuchanganyikiwa. Mmefanya vizuri kumleta upesi. Joto la mwili huu lingeweza kumuua."

Maneno yake nayaheshimu mpaka leo. Yote yalikuwa kweli. Na Dada alipata nafuu palepale, mbele ya macho yangu. Kabla jua halijazama alikuwa ameshanitambua na kuniuliza kwa nini nimevaa viatu tofauti.

Lakini nataka mjue kilichotokea wakati tunaingia.

Mlangoni alikuwapo muuguzi mmoja mtu mzima, wagonjwa wanamwita Sista. Alikuwa akipokea watu bila hata kuinua kichwa. Alipomwona Shemeji aliinua. Uso ukamchanua, kama mtu aliyekutana na jamaa yake wa siku nyingi.

"Aah, baba!" alimwambia. "Mwaka huu umekuja kwa miguu yako!"

Shemeji alimpita kama hakusikia.

Nilisubiri mpaka Shemeji alipokwenda dirisha la dawa, nikamfuata Sista.

"Unamfahamu?"

Alinitazama, akaona amekosea. "Samahani, mama. Nilidhani nyinyi ni familia, mnajua."

"Sisi ni familia. Tumeoleana. Hatujui kitu."

Nadhani alimtazama Dada pale kitandani, kifua kimechanika kwa kucha, ndipo akasema.

"Kila msimu wa joto tunampokea. Tangu akiwa kijana. Huletwa amefungwa kamba, maskini, na majirani. Mama yake husimama pale getini, haingii. Halafu mvua zikinyesha anapoa, anarudi kwenye kazi zake, mtu mzuri sana." Akapunguza sauti. "Na huyu dada yako, nimesikia anavyolia. Nimeshtuka. Ni maneno yaleyale."

"Maneno gani?"

"Nivueni koti."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, na sikujua kama siku moja nitaiona kwa macho.

Nilimkuta Shemeji kwenye korido, amekaa kwenye benchi, ameshika dawa za Dada kwa mikono miwili. Nilikaa karibu naye.

"Umemvisha," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa.

"Wewe hujui lilivyo, shemeji," alinong'ona. "Hujui. Kila mwaka. Mawingu yanashuka, nami nalisikia linakuja, linaniingia mkono mmoja, mkono wa pili. Unafungwa kamba na watu uliosoma nao. Unajikojolea mbele yao. Halafu joto likiisha wanakusalimia kama hawajaona kitu. Nilichoka."

"Dawa?"

"Dawa zilinisaidia. Daktari alisema nisiache. Mama akasema kuna mtu anaweza kuliondoa moja kwa moja." Alitazama vidole vyake vya baridi. "Yule mtu alisema haliondoki. Linahamishwa tu. Na haliwezi kuvaliwa na yeyote. Halimkai mtu asiyekupenda. Linaanguka."

"Kwa hiyo mkamtafuta wa kukupenda," nilimwambia.

"Nampenda na mimi."

"Ulimvisha lini?"

"Siku ya kwanza ya joto." Sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa. "Alikuwa amenikumbatia."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamuuliza. "Mama yako je? Mama mzazi! Kwa nini asivae yeye?"

Aligeuka akanitazama. Sijaona uso wa namna ile tena.

"Alijaribu," alisema. "Halikumkaa."

Feni ya korido ilikuwa imezimika. Sikusikia kitu kingine ila watu wakihema nyuma ya milango.

Sikumwambia Dada siku ile. Nilingoja apate nguvu. Akalala, akala, akanywa maji, madonda ya kifua yakaanza kukauka. Kila alasiri Shemeji alikuja saa ya kutazama wagonjwa, na kila alipoondoka Dada alikuwa anapumua kwa shida, vitambaa vya baridi vimekauka juu yake. Daktari alikuwa akibadilisha kipimo cha dawa, anakuna kichwa. Mimi nilikuwa nakaa katikati yao kila nilipoweza. Lakini yeye ni mume. Utamzuiaje mume kumshika mkewe mkono?

Ndipo nikamwambia. Nilimweleza yote, la Sista na la korido. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga kofi.

"Mpole?" alisema. "Mwanaume anayenifuta jasho? Wewe umeachwa, hutaki mwenzako akae na wake!"

Dada hakuwa amewahi kunipiga tangu tuzaliwe. Aliutazama mkono wake ulionipiga.

"Nitamuuliza," alisema. "Atacheka."

Shemeji alikuja alasiri, na taulo lake begani. Wodi ilikuwa imetulia. Mawingu yameshuka mpaka unaona kama yamekaa juu ya bati. Sista alikuwa kitanda cha pili anampa mgonjwa dawa. Shemeji alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mume wangu," Dada alimwambia. "Wanasema ni wewe."

Hakucheka.

Nilimwona Dada anangoja. Alimngoja aseme hapana. Angesema hapana angemwamini, naapa, mbele yangu na mbele ya Sista, angemwamini.

"Bado kidogo tu," Shemeji alisema. "Mvua zimekaribia. Mke wangu. Kidogo tu."

Na mkono wake ukainuka, taratibu, ukaenda kooni kwa Dada. Kidole gumba kikasukuma. Cha shahada kikavuta.

Dada aliutazama ule mkono. Akamtazama usoni. Sijui niseme nini kuhusu macho yake. Kuna nyumba ukipita usiku unaona taa, halafu mtu wa ndani anaizima. Nyumba ipo palepale. Hakuna kelele yoyote.

Aliusukuma mkono ule kando. Akaanza mwenyewe. Kuanzia kooni. Kimoja. Kingine. Vidole vya mtu aliyezoea kazi ndogondogo, havikutetemeka. Vilishuka kifuani, vikashuka tumboni. Akatoa bega la kushoto. Akatoa la kulia. Akavuta mkono mmoja, akavuta wa pili.

Likaanguka.

Nilisikia. Sista alisikia, aligeuka na kijiko mkononi. Mlio wa nguo nzito iliyoloa, ikidondoka sakafuni. *Pwaa.* Kwenye vigae hapakuwa na kitu. Maji tu yalitambaa kutoka pale, yanatoa mvuke, yakafika kwenye miguu ya kitanda.

Shemeji alipiga magoti. Alipapasa sakafu. Aliokota, sijui aliokota nini, alikunja mikono kama mtu anayekusanya nguo kwenye kamba mvua ikitaka kunyesha, akakiweka kifuani, kwa uangalifu, kisidondoke tena. Kisha akainuka akatoka, amepinda mgongo kwa uzito. Shati lake lilikuwa limeloa mbele lote.

Dada alijilaza. Jasho likaanza kumtoka, jasho la kawaida, kwenye mdomo wa juu.

"Fungua dirisha," aliniambia. Kisha akajifunika uso kwa mikono, akalia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Hakulia hivyo hata wakati wa koti.

Hakurudi kwenye nyumba ile. Mimi ndiye niliyekwenda kuchukua vitu vyake. Mama mkwe alinifungulia, akanisaidia kukunja nguo bila neno. Mlangoni akanishika mkono.

"Si kwamba sikutaka kumpenda," alisema. "Nilijaribu."

Niliutoa mkono wangu nikaondoka.

Sasa Dada anaishi nami. Talaka ilipatikana. Amerudi kazini, nta inamtii kama zamani. Msimu wa joto uliofuata ulipokaribia tulikwenda kwa yule daktari mapema, akatueleza namna ya kujitunza. Tukanunua feni, tukaweka maji kila chumba, mchana tunafunga mapazia. Joto likaja, kali kuliko lile. Dada analalamika kama watu wote na analala kama watu wote. Ila hakumbatii mtu. Hata mimi nikitoka safari hunipa mkono.

Nilimuuliza Sista, tulipokutana sokoni, kama wamempokea Shemeji mwaka huu. Nilitaka Shemeji apate uchungu, sitawaficha. Alitikisa kichwa. Hajaletwa. Wanamwona mjini, mzima, shati limefungwa mpaka kooni. Anaishi peke yake sasa, hajaoa.

"Sasa lile koti limekwenda wapi?" nilimuuliza.

Sista alijifanya anachagua vitunguu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nawaza hilo. Ilikuwa alasiri, Dada bado yuko kazini, na nyumba nilikuwa nimeifunga mwenyewe kwa ufunguo. Niliingia chumbani kwake kufungua dirisha, nikakanyaga maji. Yalikuwa ya vuguvugu. Nikatazama juu, hakuna tone linalovuja. Nikausukuma mlango ili nione nyuma yake.

Kuna msumari pale, aliupigilia mwenye nyumba, wa inchi nne, hatujawahi kuutundikia kitu. Haukuwa na kitu, ila ulikuwa umepinda kuelekea chini, unadondosha maji.